Mzee Aliyesafiri Sana: Kumkumbuka Matthew Wellington wa Mombasa

Mzee aliyeishi miaka mingi na kupita nchi nyingi ni hazina ya jamaa zake wote. Lakini hazina hiyo haiwekwi sandukuni, wala hairithiwi kama shamba. Mwenyewe akifa huenda nayo, isipokuwa ile aliyowagawia watu alipokuwa hai. Ndiyo sababu inafaa kumkumbuka Mzee Matthew Wellington, aliyefariki Mombasa mwaka 1935. Safari za maisha yake zilikuwa ndefu kupita za watu wengi, nazo zinajulikana kwa sababu walikuwapo watu waliomwuliza, naye akawasimulia.

Jina lake la kwanza lilikuwa Chengwimbe, naye alikuwa Myao. Alitekwa akiwa bado mtoto, akauzwa utumwani. Manowari ya Waingereza ikamwokoa, lakini kuokoka kwake hakukuwa kurudi nyumbani. Alipelekwa Bara Hindi, katika shule ya misheni ya Nasik, upande wa Bombay. Watoto wengi wa Kiafrika waliookolewa kwa namna hiyo walikusanywa huko, wakafundishwa kusoma na kuandika na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Basi alipofikia ujana alikuwa na majina mawili, na bahari kuu ilikuwa kati yake na watu waliomzaa.

Mwaka 1872 akavuka bahari tena. Vijana 6 wa Nasik, yeye akiwa mmoja wao, waliingia katika msafara wa watu 57 ambao Stanley aliutuma bara kumsaidia Dr. Livingstone. Mwezi wa Agosti wakamkuta Unyanyembe, karibu na Tabora. Wakaondoka naye kwenda kusini, na mvua zikawakuta katika mabwawa ya Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Livingstone alikuwa mgonjwa sana, hata ikabidi achukuliwe kwa machela. Mwanzoni mwa Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo.

Hapo wale watu wangeweza kumzika bwana wao na kwenda zao, wala hapana mtu ambaye angewalaumu. Lakini Susi, Chuma na wenzao walifanya shauri, wakaamua kuipeleka maiti pwani. Moyo wake waliuzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga kwa magome ya mti na turubali. Kisha wakashika njia, mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Wengine waliugua, na wengine walikufa njiani.

Walipofika Unyanyembe walikutana na Cameron, Mwingereza aliyekuwa akija kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele yao, karibu na Kasekera, wenyeji hawakukubali maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafunga mzigo wa uongo, wakawapa wenzao waurudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuuzika, na maiti yenyewe wakaifunga upya ifanane na robota la nguo. Kwa werevu huo wakapita. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja, lililokuwa wazi walipoondoka pwani, lilikuwa limefungwa kwa mkataba wa Juni 1873, nao wakiwa njiani na mzigo wao.

Tarehe 18 Aprili, 1874, Livingstone alizikwa kwa heshima kubwa katika Westminster Abbey, London. Katika watu wote walioichukua maiti ile, mmoja tu alikuwapo pale, Jacob Wainwright, aliyekuwa naye kijana wa Nasik. Wengine walipewa mishahara yao pwani, wakatawanyika.

Wellington alifanya maskani yake Mombasa. Mtu aliyeishi pwani hii hata mwaka 1935 aliona mambo mengi: reli ikianza kujengwa hapo Mombasa mwaka 1896, na utumwa ukiondolewa katika sheria ya pwani mwaka 1907. Miaka ikapita, wenzake wa safari wakafa mmoja mmoja, hata yeye akahesabiwa kuwa ndiye aliyesalia. Ndipo W. J. Rampley akaandika kitabu kidogo cha habari za maisha yake.

Sasa na wafikiriwe wale wengine. Jina la Livingstone linajulikana ulimwenguni kote. Lakini ni watu wangapi wanaomjua Halima, mpishi wake, aliyekuwa katika safari ile? Na wapagazi wengi, walizaliwa wapi? Waliacha watoto gani? Huenda wajukuu wao wako hai leo, wala hawajui kwamba babu yao alikuwa mmoja wa watu wale.

James Juma Mbotela wa Freretown hakukubali hasara hiyo iipate jamaa yake. Baba yake naye alitekwa akauzwa, naye aliokolewa na manowari. Mwana akasikiliza, kisha akaandika kitabu, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934.

Si lazima kila jamaa iandike kitabu. Daftari moja la shule latosha. Mzee na aulizwe jina alilopewa na wazazi wake, siyo lile tu lililo katika cheti. Aulizwe alizaliwa wapi, alipita njia gani, kwa miguu, kwa reli au kwa meli; alifuatana na nani, alikula nini, ni nani aliyempa maji, na ni nani aliyekufa njiani. Akisahau mwaka, aulizwe ilikuwa kabla ya njaa gani au baada ya vita gani. Bibi naye asiachwe jikoni habari zinapoandikwa, maana mara nyingi yeye ndiye ajuaye majina ya wote.

Na kazi hiyo isingoje matanga. Siku hiyo watu huwa wengi na maneno ya sifa huwa mengi, lakini yule mmoja anayeijua njia aliyoipita hawezi tena kuulizwa.