Vipele Vyeupe Karibu na Macho: Pini Iwekwe Kando



Wapo watu wanaojitazama kwenye kioo asubuhi na kuona vipele vyeupe vidogo kama punje za mtama, chini ya macho au kwenye kope. Haviumi wala haviwashi. Wengi hudhani ni chunusi yenye usaha, basi huchukua pini au wembe. Hatari huanzia hapo.

Ndani ya vipele hivi, ambavyo madaktari huviita milia, hamna usaha. Kuna keratini, ile protini inayojenga ngozi na kucha, iliyonaswa chini ya ngozi ikawa kitu kigumu. Kukamua hakusaidii, maana kipele hakina tundu. Ngozi ya kope ni nyembamba sana. Ikichomwa na pini chafu huingia viini au hubaki kovu. Na mkono ukiteleza, jicho liko hapo hapo.

Mama aliyejifungua asiwe na hofu. Karibu nusu ya watoto wachanga huwa na vipele hivi kwenye pua na mashavu, navyo huisha vyenyewe baada ya wiki chache. Mtoto asisuguliwe wala asipakwe dawa.

Kwa watu wazima vinaweza kukaa miezi. Uso uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, na mafuta mazito yasipakwe kuzunguka macho. La kuogopwa zaidi ni krimu za kujichubua. Baadhi zina steroidi, hata kama kopo halisemi. Steroidi zikitumika muda mrefu hudhoofisha ngozi na huweza kuleta vipele hivi hivi. Zikipakwa karibu na macho zinaweza kusababisha presha ya macho na mtoto wa jicho. Mtu ananunua krimu ya kuondoa vipele, kumbe ndiyo inayovileta! Kopo lisilo na alama ya KEBS wala orodha ya kemikali zilizomo lisinunuliwe.

Anayekerwa na sura yake amwone daktari wa ngozi. Kipele hutobolewa kwa sindano safi na kutolewa kwa muda mfupi.

Ila si kila kipele ni milia. Chenye kishimo katikati kinachozidi kuenea huenda ni cha virusi vinavyoambukiza kwa kugusana. Madoa ya manjano kwenye kona za kope huenda yakaashiria mafuta mengi kwenye damu. Kinachozidi kukua, kutoa damu au kung'oa nywele za kope kipelekwe kituo cha afya wiki hiyo hiyo, hata kama hakiumi.