Bomu la Atomiki Si Shauri la Wakubwa Peke Yao

(Maneno kwa vijana wa vyuo, Mwanza)



Kijana mmoja wa chuo alinijia akasema: "Mzee, wenzangu wananicheka. Nikiandika bango la kupinga silaha za nyuklia, wananiambia kuwa shauri la watu wa Mwanza ni pamba na samaki, na bomu ni shauri la Wamarekani na Warusi. Nifanye nini?" Nilimwambia nitamjibu mbele ya watu. Leo namjibu.

Kwanza, wanaomcheka hawaujui mji wao. Wakoloni nao walipenda Msukuma alime pamba, siasa awaachie wao. Mwaka 1954 waliyanyima matawi ya TANU ruhusa katika jimbo hili. Lakini Septemba 1958, hapa hapa Mwanza, viongozi wa vyama vya Afrika Mashariki na ya Kati walikutana wakaunda PAFMECA, ili nchi zetu zipiganie uhuru kwa sauti moja. Basi mji huu si mgeni wa mambo makubwa.

Pili, bomu lenyewe lina jasho la Mwafrika. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mchimbaji hakuambiwa anachimba nini. Tarehe 6 Agosti mji wa Hiroshima ukateketezwa, na siku tatu baadaye Nagasaki. Je, hilo si shauri letu?

Tatu, bomu lilikuja kwetu. Tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Sahara, ndani ya Algeria waliyokuwa wakiitawala. Nguvu zake zilizidi mara nne zile za bomu la Hiroshima. Walisema jangwa halina watu, kana kwamba wenye ngamia na visima vile si watu.

Lakini kabla ya siku ile, Desemba 1959, watu 19 walifunga safari kutoka Accra kwenda kuzuia jaribio kwa miili yao, bila silaha. Walikuwamo Waghana na Waafrika wengine, Waingereza, Wamarekani na Mfaransa mmoja. Miongoni mwao walikuwa Padre Michael Scott na Bill Sutherland, Mmarekani mweusi. Walipovuka mpaka wa Volta ya Juu askari waliwazuia. Walijaribu tena, wakarudishwa.

Mtasema walishindwa, maana bomu lililipuka. Nasema ngojeni. Ghana ilizuia mali za Wafaransa. Baada ya jaribio la tatu, Nigeria ilivunja uhusiano na Ufaransa, Januari 1961. Na mwaka 1962 Scott na Sutherland walikuwa Dar es Salaam na Kikosi cha Amani cha Dunia, wakishirikiana na umoja ule ule uliozaliwa Mwanza, kutayarisha msafara wa kuingia Rhodesia ya Kaskazini kuwaunga mkono wenzetu. Msafara haukuvuka mpaka, kwa kuwa njia ya kura ilifunguka. Lakini mnaona: waliopinga bomu na waliopinga ukoloni walikuwa jeshi moja.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tarehe 1 Mei 1962, huko In Ekker, Wafaransa walilipua bomu chini ya mlima. Mlima ukapasuka, wingu la sumu likatoka, na mawaziri wawili wa Ufaransa waliokuja kutazama wakakimbia. Mawaziri walikuwa na magari. Wenyeji je? Ziwa letu nalo ni la nchi tatu. Sumu haiulizi mpaka uko wapi.

Afrika haikunyamaza. Afrika ya Kusini ya makaburu iliunda mabomu sita, kisha ikayafumua, na mwaka 1993 ikatangaza hivyo mbele ya dunia. Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha hizi katika bara letu, ulitiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili 1996 ukaanza kutumika mwaka 2009. Mkataba wa dunia nzima wa kuzipiga marufuku ulianza Januari 2021. Tanzania iliutia sahihi Septemba 2019. Wenye mabomu wamekataa kuingia.

Sasa kijana, kazi yako ni hii. Usipige kelele kabla ya kujifunza. Hatupingi elimu ya atomiki. Pale Bugando mionzi inatibu saratani. Mwanafunzi wa udaktari aeleze mionzi hiyo hiyo inafanya nini mwilini ikitoka kwenye bomu. Mwanafunzi wa sheria asome mikataba. Kisha tokeni nje ya ua wa chuo, mwende mwaloni, mwende sokoni, mseme kwa Kiswahili chepesi. Na mbunge wenu mumwulize kwa adabu: baada ya sahihi, kimefuata nini?

Wakikucheka, wakumbushe wale 19. Bango lako liandike kwa herufi kubwa. Mimi nitashika upande mmoja wa mti.

Uhuru na Umoja!