Kukata Duara kwa Msumeno wa Mkanda: Suala la Pini katika Karakana za Mikinduri, Kenya



Msumeno wa mkanda sote tunaujua: mashine inayokata kwa mkanda wa chuma wenye meno upande mmoja. Nusukipenyo ni umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Kifaa cha kukatia duara pia si kigeni: kibao cha plaiwudi kinachofungwa juu ya meza ya msumeno, chenye pini ambayo ubao huzungushwa juu yake. Kwa stuli yenye kipenyo cha inchi 12, pini hukaa inchi 6 kutoka kwenye meno, yaani nusukipenyo. Basi niingie kwenye pini yenyewe.

Pini sharti ikae sambamba na ncha za meno. Si na katikati ya upana wa mkanda, wala mgongo wake. Ikitangulia au ikibaki nyuma, kila unapozungusha ubao unausukuma mkanda ubavuni. Mkanda unajipinda, ukingo wa ubao wa mukima unaungua, moshi unatoka, na mwisho wa mzunguko haukutani na mwanzo. Kinabaki kidato ambacho fundi atakipigia msasa hadi jioni. Kisha lawama zote ni za mkanda: eti butu, eti feki. Unanunuliwa mwingine, na moshi ni ule ule.

Chanzo, mara nyingi, ni hiki. Kifaa kilifungwa kwa skrubu wakati msumeno una mkanda wa nusu inchi. Inakuja oda ya mifuniko midogo. Mkanda huo hauwezi duara lenye nusukipenyo cha chini ya inchi 2½ hivi, kwa hiyo fundi anavalisha wa robo inchi, na hapo yuko sawa kabisa. Lakini mgongo wa mkanda umeegemea beringi ile ile ya nyuma. Meno yamerudi nyuma robo inchi. Pini iko palepale.

Sisemi mtaala wa vyuo vya ufundi una kasoro, hilo lina wenyewe. Ila inauma kumpokea kijana mwenye cheti ambaye hajawahi kuonyeshwa jambo hili la dakika mbili, huku mbao nzuri zikiishia jikoni.

Napendekeza, kwanza, pini ipimwe upya kila mkanda unapobadilishwa. Pili, kifaa kisifungwe moja kwa moja. Kiwe na nafasi ya kusogezwa mbele na nyuma. Tatu, ubao ukatwe kwanza mraba ambao upande wake ni sawa na kipenyo, ili meno yaanzie katikati ya upande. Nne, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ifikirie kumtaka mtahiniwa wa useremala akate duara kwa mikanda miwili ya upana tofauti. Tano, kinga ya mkanda ishushwe hadi karibu na ubao, kwani Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mashine zikingwe, na karakana ndogo haijasamehewa. Sita, kabla ya kununua mkanda mpya, mwenye karakana aweke rula kutoka kwenye pini hadi kwenye ncha za meno, aone kama mstari huo unafanya pembe mraba na ubavu wa mkanda.