Fundi Ajaye: Mada juu ya Kutengeneza Samani Chakavu za Mbao



Mji wetu huu, ambao reli iliufikia mwaka 1910 ukiitwa Élisabethville, umekwisha kurithi zaidi ya karne moja ya meza, makabati na viti ambavyo aila huuziana kila zinapohama au zinapopungukiwa fedha; na kiti kilicholegea mguu, kwa kuwa bei yake ni ndogo, aghalabu huishia kwa mwenye nyundo na msumari, au motoni, kuwa kuni. Nia ya mada hii ni kuithibitisha kauli moja: matengenezo mema ni yale ambayo fundi ajaye ataweza kuyafungua.

Sababu za kulegea

Mti haukomi kunywa maji na kuyatoa hata ukiwa umekwisha kuwa kabati. Hapa Karavia, mtaa wa mji huu, masika hushika kuanzia Novemba hata Machi, kisha hufuata kiangazi kirefu kikavu; basi ubao hutanuka na kunywea kwa upana, ilhali kwa urefu haubadiliki ila kidogo mno. Ulimi wa kiti, ambao nyuzi zake huzivuka nyuzi za mguu wenye tundu, huvutana nao mwaka hata mwaka, mpaka gundi ikaachia. Mulombwa, ambao wenzetu wa Tanzania huuita mninga, hucheza kidogo kuliko miti mingi. Walakini umri wa gundi si umri wa mti.

Kisa cha msumari

Katika siku zangu za kujifunza kazi nililetewa kiti cha mulombwa kilicholegea, nami kwa haraka ya ujana nikakipiga msumari. Kilisimama imara hata masika. Ulimi ukataka kutanuka, msumari usiotanuka ukauzuia, na kiti kiliporudi nilikuta chuma kimeshika kutu na ulimi umepasuka kwa kufuata nyuzi, mfano wa muhogo uliochemka. Ikanilazimu kuukata na kuchonga mwingine: kazi ya saa moja ikawa ya siku mbili.

Utaratibu

Kwanza, kila kipande kitiwe alama ya chaki kabla ya kufunguliwa. Pili, gundi ya kale iondolewe yote: ile ya ngozi na mifupa, iliyotumika katika samani nyingi za zamani, hulainika kwa maji ya moto, na nyingine ikwanguliwe kwa patasi, maadamu gundi nyeupe ya siku hizi haishiki juu ya gundi kavu. Tatu, kiti kiungwe kikavu kwa majaribio. Ndipo kitiwe gundi, kizungushwe kamba, na kamba ikazwe kwa kusokotwa na kijiti hata gundi itokeze ukingoni. Kisimamishwe sakafuni palipo sawa, miguu yote minne ikigusa, kisha kiachwe hata kesho yake.

Amma ubao uliobonyea bila kukatika nyuzi, kitambaa chenye maji na pasi ya moto huuinua. Na kabla ya kushika msasa, paguswe mahali pa siri kwa spiriti: pakinata, ile ni lakri, nayo yaweza kuhuishwa bila kukwanguliwa, pasiponata, yamkini ni vanishi. Msasa upitishwe kwa kufuata nyuzi, na pua ifunikwe, kwa sababu vumbi la mulombwa huchoma.

Pendekezo

Misitu inayotuzunguka hupungua kila siku kwa ajili ya makaa, na mulombwa hauoti upesi. Kwa hiyo naomba semina hii ikubali desturi moja ndogo: kila fundi aandike kwa penseli, chini ya kiti, mwaka wa kazi yake na aina ya gundi aliyoitumia, ili atakayekigeuza baada yetu asianze kwa nyundo.