Aliyekosa Sare Hakukosa Taaluma



Wiki hii Polisi wa Oman wametangaza nafasi za kazi. Kinachotutia wasiwasi ni swali linaloulizwa majumbani tangu tangazo litoke: mwanangu amesomea sheria ya jinai, polisi wasipomchukua atakwenda wapi?

Polisi ni kazi ya heshima. Chuo cha Sayansi za Polisi cha Sultan Qaboos kiko Nizwa, na tunajivunia vijana wetu waliopita pale. Lakini nafasi zina hesabu yake, na wahitimu wa sheria wanatoka kila mwaka, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha A'Sharqiyah hapo Ibra. Wenye jamaa Tanzania wanakumbuka Juni 2014, pale watu zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Ndiyo hali ya vijana walioelekezwa mlango mmoja. Aliyekosa sare hakukosa taaluma.

Chukueni mashauri ya watoto wanaoshitakiwa. Amri ya Sultani namba 30 ya 2008 inamhusu mtoto aliyetimiza miaka 9 na hajafika 18. Mtoto huyo ana nyumba, ana skuli, ana wenziwe, na mahakama inataka kuyajua hayo. Lazima mtu aende kwao, avue viatu mlangoni, aketi na mama, aulize baba anafanya kazi wapi na mtoto alianza lini kukosa darasa, kisha aandike ripoti. Huyo si polisi, ni mtu wa ustawi wa jamii. Kijana wa jinai akiongeza elimu ya malezi, kazi hiyo anaiweza. Nani amemwambia? Hakuna.

Chukueni mabenki. Sheria ya 2016 ya kupambana na utakatishaji fedha inayataka mabenki na maduka ya kubadilisha fedha yamjue mteja na yatoe taarifa ya muamala wenye shaka. Mtu anatuma riali 300 asubuhi, 300 jioni, kesho yake ndugu yake anatuma 300 nyingine kwenda kwa mpokeaji yule yule. Nani ayaone hayo? Aliyesoma jinai. Lakini kazi yenyewe iko Maskati, usaili Maskati, mafunzo Maskati. Tumelalamika, na leo tunalalamika tena: kwa nini kila kitu Maskati?

Na hapa hapa kwetu Sinaw je? Alhamisi soko linajaa, mbuzi wanazungushwa mnadani, ngamia wanauzwa, na mengine yanauzwa kwa ahadi ya mdomo. Ahadi ikivunjika, watu wanagombana. Kamati za suluhu zimewekwa kisheria tangu 2005, na mapatano yaliyotiwa saini mbele ya kamati hizo yana nguvu ya hukumu. Zinahitaji makarani wanaoijua sheria na wasuluhishi wanaowajua watu, mabedui na wenye maduka. Waendesha mashtaka wanahitaji wasaidizi. Mamlaka ya Kulinda Walaji inahitaji wachunguzi. Mfungwa anayetoka gerezani anahitaji wa kumshika mkono arudi kazini, na kwetu sisi hii ndiyo kazi iliyosahauliwa kuliko zote. Kazi zote hizo ni za haki, na hakuna hata moja inayodai sare.

Kwa hiyo tunawaambia wakuu wa vyuo: mwanafunzi wa mwaka wa pili apelekwe mahakamani, apelekwe benki, apelekwe kwenye kamati ya suluhu, aione kazi kabla hajavaa joho. Enyi mabenki na wizara, njooni Sinaw! Fanyeni usaili hapa, si Maskati peke yake. Msidai uzoefu wa miaka mitatu kwa kijana ambaye hamkumpa hata miezi mitatu ya mafunzo.

Nanyi wazazi, acheni kumwambia mtoto amefeli kwa kuwa jina lake halikutoka kwenye orodha ya polisi. Hakufeli! Nawe kijana, usikae ukingoja tangazo la mwakani. Jumapili ofisi zikifunguliwa, chukua vyeti vyako, nenda mahakamani, nenda benki, nenda ustawi wa jamii, uombe mafunzo hata ya mwezi mmoja. Ukikataliwa ya kwanza, ingia ya pili.