Desemba Haisubiri Ruzuku

Msikilizaji, habari ya Washington umeshaisikia. Amri ya rais ilisainiwa tarehe 20 Januari 2025, misaada ya Marekani kwa nchi za nje ikasimama kwa siku 90, na siku chache baadaye zikafuata barua za kuwataka watu waache kazi walizokuwa wanazifanya. Mwishoni mwa mwezi huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alilegeza amri hiyo kwa misaada ya kuokoa maisha. Hayo yamesemwa na kila redio, nasi hatutayarudia.

Kilichotusumbua sisi ni swali ambalo hatukusikia mtu akiliuliza. Msichana anayekimbia kisu cha ngariba alikuwamo katika hesabu ya maisha yanayookolewa? Au alikuwamo katika miradi iliyoweza kungoja siku 90?

Hapa mkoani Mara hatuna haja ya kuelezana. Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, Tarime, Serengeti na Butiama kila mtu anajua kinachofuata: msimu wa ukeketaji. Msichana anatoka nyumbani usiku, mara nyingi bila viatu, anafika dawati la jinsia kituo cha polisi, kisha anapelekwa nyumba salama. Ipo ya Masanga kule Tarime. Zipo za Mugumu na Butiama, chini ya shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly, mwanamke wa mkoa huu aliyekeketwa akiwa binti mdogo na ambaye tangu hapo hajakaa kimya. Nyumba hizi zinaishi kwa ruzuku na michango. Fedha ikichelewa, Desemba haichelewi.

Na nyumba salama si godoro na ugali tu. Kuna nauli ya kwenda mahakamani kutoa ushahidi. Kuna mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayerudi kijijini mara ya kwanza na kufukuzwa, mara ya pili na kupewa kiti, mara ya tatu baba anakubali kusaini kwamba binti akirudi hatakatwa. Na wapo wasioweza kurudi kabisa, kwa sababu mahari ilishazungumzwa na ng'ombe walishahesabiwa. Hao wanahitaji ada, cherehani, fundi wa kuwafundisha, na mahali pa kuishi mwaka mzima. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haiishi kwa miezi mitatu, na wala haionekani vizuri kwenye picha za ripoti.

Ndiyo maana tunasema tena: fedha za wasichana zinaishia kwenye warsha. Ruzuku inatoka mbali, inapita shirika kubwa, inapita ofisi ya Dar es Salaam, inapita mshauri mwelekezi, inapita ukumbi wa hoteli, inapita posho za washiriki. Ikifika kata, imekuwa fulana na bango. Kikundi cha akina mama wanaowaficha wasichana majumbani mwao kwa gharama zao kinaambiwa hakina sifa, kwa sababu fomu ni ya Kiingereza na mfadhili anataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Mama anayefungua mlango saa nane za usiku hana sifa! Aliyeandaa warsha ndiye mwenye sifa.

Haikubaliki, na wala si lazima iwe hivyo. Mfuko wa Wanawake Tanzania upo tangu mwaka 2008, na kazi yake ni kutoa ruzuku kwa vikundi na mashirika ya wanawake ya hapa hapa nchini. Kule Accra, Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika ulianzishwa mwaka 2000 kwa shabaha hiyo hiyo. Njia ya kumfikishia fedha mwanamke wa kijijini inajulikana. Wafadhili wanaobaki, wa dini na wasio wa dini, waifuate hiyo njia.

Lakini wafadhili si wa kulaumiwa peke yao, na amri ile ya Washington imetuonyesha hatari ya kumtegemea mtu wa mbali. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitano, au faini, au vyote viwili. Serikali ina mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ambao sasa uko awamu ya pili, na una kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati! Kamati isiyo na nauli ya bodaboda ya kumfuata msichana aliyejificha shambani itamwokoa kwa kitu gani?

Utajibiwa kwamba halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ni kweli, na tulifurahi utaratibu huo uliporudishwa baada ya kusimamishwa mwaka 2023. Lakini ule ni mkopo. Mkopo unarejeshwa. Binti wa miaka 13 aliyekimbia usiku atarejesha nini?

Anachohitaji ni fungu katika bajeti ya halmashauri yake, lenye jina na lenye kiasi. Na wakati wake ni mwanzoni mwa mwaka. Hapo ndipo mabaraza ya madiwani yanapopitia bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Ikipita bila fungu la nyumba salama, Desemba itafika na hakutakuwa na kitu. Desemba haisubiri ruzuku. Haisubiri Washington iamue. Haisubiri siku 90.

Waheshimiwa madiwani wa Mara, wekeni fungu hilo. Mnapokaa na kampuni za migodi kukubaliana mpango wa fedha za jamii kama sheria inavyotaka, madarasa myaandike, visima mviandike, na nyumba salama pia iandikwe. Wazee wa mila, ninyi ndio mnaotangaza msimu, na ninyi mnaweza kukataa kuutangaza. Viongozi wa makanisa na misikiti, wafanyabiashara wa Sirari na Nyamongo, gunia la mahindi kwa nyumba salama halihitaji fomu ya Kiingereza.

Nawe msikilizaji, diwani wako unamjua na nyumba yake unaijua. Nenda kwake kabla baraza halijafunga bajeti, umuulize shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya wasichana watakaokimbia Desemba. Akisema hakuna, mwambie arudi akaziombe.