Zimwi Walilotuonyesha

Juzi usiku nilitazama na mwanangu sinema ya Waingereza ya mwaka 1957, Night of the Demon. Zimwi lilipojitokeza na mapembe yake, kijana akaangua kicheko.

Sikumlaumu. Mwongozaji, Jacques Tourneur, hakutaka zimwi lile lionyeshwe wazi namna ile. Mtayarishaji, Hal E. Chester, akashikilia lionekane, na mwenye fedha ndiye mwenye neno.

Sinema hiyo imetokana na hadithi fupi ya M. R. James, "Casting the Runes", iliyotoka kitabuni mwaka 1911. Mchawi Karswell humpenyezea mtu kikaratasi chenye maandishi ya kale. Asipoweza kumrudishia mwenyewe, na mwenyewe akakipokea, siku zake zikitimia anakufa. James, mwanazuoni wa Cambridge, alizoea kuwasomea rafiki zake hadithi za mizuka wakati wa Krismasi. Kwa sauti, jamani, kama sisi watu wa redio! Karswell anauawa na jiwe lililoporomoka kutoka jukwaa la mafundi, kwenye kanisa lililokuwa likikarabatiwa huko Abbeville, Ufaransa. Juu ya jukwaa hapakuwa na fundi hata mmoja. Basi, ni hayo tu tunayoambiwa.

Sinema ilipokwisha nilizima taa, nikamsimulia kijana pale mtu anapoingiza mkono chini ya mto wa kitandani, gizani, akagusa mdomo. Una meno, na manyoya pembeni.

Kimya. Kisha: "Baba, washa taa."